Chick Webb, mpiga ngoma aliyeficha maumivu yake

William Henry Webb alizaliwa tarehe 10 Februari, mwanzoni mwa karne ya 20, katika mji wa Baltimore nchini Marekani. Akiwa bado mtoto mdogo, kifua kikuu kilimshika mifupa ya uti wa mgongo. Ugonjwa huo ulimwachia kibiongo na kumzuia kurefuka. Hata alipokuwa mtu mzima, kimo chake kilizidi kidogo tu sentimita 120. Wenzake walimwita Chick, yaani kifaranga, na jina hilo ndilo lililomtangaza duniani.

Daktari alishauri mtoto huyo apige ngoma ili viungo vyake vilivyokakamaa vilegee. Webb akauza magazeti mitaani hadi akapata fedha za kununua ngoma zake za kwanza. Kilichoanza kama tiba kikageuka kuwa riziki, na akiwa kijana alihamia New York kutafuta maisha ya muziki.

Ngoma za bendi ya jazi hudai mwili mzima. Mikono hushika vijiti, na miguu hukanyaga pedali. Kwa mtu mwenye mgongo uliopinda, kazi hiyo ilikuwa mateso. Kwa kuwa mwili haungebadilika, Webb alibadilisha vyombo. Alitumia pedali zilizotengenezwa kwa kipimo cha miguu yake na vishikizo vilivyoyasogeza matoazi karibu na mikono, huku akiketi juu ya jukwaa lililoinuliwa. Mbele yake ilisimama ngoma kubwa yenye kipenyo cha inchi 28. Kwa kuwa hakujua kusoma noti, alihifadhi kichwani nyimbo zote za bendi.

Katika miaka ya 1930 bendi yake ilitawala ukumbi wa Savoy, mtaa wa Harlem, ambako weusi na weupe walicheza dansi pamoja. Tarehe 11 Mei 1937, bendi mashuhuri ya Benny Goodman ilifika kushindana naye. Maelfu walijaa ndani, na wengine wengi wakakosa nafasi. Mashabiki walimpa Webb ushindi, naye Gene Krupa, mpiga ngoma wa Goodman, alikiri kuwa amepatana na aliyemzidi.

Miaka miwili kabla ya usiku huo, Webb alikuwa amempokea katika bendi msichana asiye na jina wala makao ya kutegemewa, Ella Fitzgerald. Mwaka 1938 walirekodi pamoja wimbo wa A-Tisket, A-Tasket, uliomfanya binti huyo ajulikane kote nchini.

Wakati huo afya ya Webb ilikuwa ikidhoofika. Marekani ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, na bendi kusimama kungewaacha wanamuziki wake bila ajira. Hivyo aliendelea na safari za maonyesho, akitabasamu mbele ya watu, na mara nyingi akimaliza onyesho akiwa hoi kabisa. Ngoma zilizokusudiwa kumponya sasa zilikuwa zikimmaliza, na alizipiga kwa ajili ya wengine.

Alifariki tarehe 16 Juni 1939 katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore alikozaliwa, kabla ya kufikisha miaka 35. Bendi haikuvunjika. Ella Fitzgerald aliiongoza hadi mwaka 1942, na wanamuziki ambao Webb alijitaabisha kwa ajili yao waliendelea kula jasho lao.