Bwana Tyndall na Mwali wa Vumbi

Msomaji mpenzi, sisi watu wa pwani tumezoea nyumba zipitazo upepo wa bahari. Basi nilipolala kwa rafiki yangu katika mtaa wa Dallas, mjini Embu, niliamshwa na kikohozi. Shemeji alikuwa akipika chai kwa kuni, mtoto mgongoni. Jua likapenya tundu la bati, na ndani ya mwali wake nikauona moshi ukizunguka. Hapo nikamkumbuka John Tyndall.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1820 Leighlinbridge, Ireland, katika nyumba isiyo na mali. Alianza kwa kazi ya kupima ardhi na njia za reli. Mwaka 1848 alikwenda Marburg, Ujerumani, kutafuta elimu, na mwaka 1853 akawa profesa katika Royal Institution, London, alikokuwako Michael Faraday. Alikuwa pia mpanda milima hodari. Mwaka 1861 yeye na viongozi wake wawili walikuwa wa kwanza kufika kilele cha Weisshorn, Uswisi.

Mwishoni mwa miaka ya 1860 alipitisha mwali mkali wa taa katika chumba cha giza. Hewa iliyodhaniwa safi ikaonekana imejaa chembechembe. Alipoweka moto chini ya mwali, pahala pale pakawa peusi, kwani vumbi lilikuwa limeungua. Akatambua kuwa hewa isiyo na chembe haionyeshi mwali. Mwaka 1870 aliwahadharisha watu wa London juu ya maradhi yabebwayo na vumbi, akawafundisha kuvuta pumzi kupitia pamba.

Leo elimu hiyo iko angani. Mwaka 2006 Marekani na Ufaransa zilirusha setilaiti ya CALIPSO, yenye chombo kiitwacho lida. Kilimulika dunia kwa mimweko 20 ya leza kila sekunde. Chembe zilirudisha nuru. Muda wa kurudi ulieleza kimo chake, na nguvu ya nuru ikaeleza wingi wake. Kazi hiyo ilikoma mwaka 2023, na mwaka uliofuata Ulaya na Japani zikarusha EarthCARE. Wataalamu hulinganisha habari hizo na vipimo vya ardhini, ndipo wakadirie hewa tuvutayo.

Lakini leza ya angani haipenyi bati. Moshi wa jiko lile hauoni.

Tyndall aliaga dunia mwaka 1893. Mkewe Louisa, aliyemuuguza kwa mapenzi, alikosea chupa, akampa dawa ya usingizi kupita kiasi. Mkono uliompenda ndio uliomuua, pasipo kukusudia. Nikamtazama shemeji akichochea kuni, na mtoto akikohoa mgongoni mwake.

Nikaomba ruhusa, nikafungua dirisha. Punde si punde mwali ukafifia, na sote tukanywa chai.