Maisha ya Ernst Abbe, Mpimaji wa Vioo

Mtu ninayetaka kuwasimulia habari zake hakupata kufika Afrika. Hata hivyo, kila anayenunua darubini ya macho mawili, hata ile ndogo ya kutia mfukoni, ananunua kazi ya akili yake. Naye akitaka kujua kama amepunjwa au hakupunjwa, yafaa atumie hesabu ambazo mtu huyo alizishika maisha yake yote. Jina lake ni Ernst Abbe, Mjerumani. Wenzangu wengi wa Kidato cha Nne wamechagua kuandika juu ya wafalme na majemadari. Mimi nimemchagua huyu kwa sababu huku kwetu, Nachingwea na Ruangwa, kuna watu wanaolinda mashamba yao wasiingiliwe na tembo, na kwao darubini mbovu si jambo la mchezo.

Abbe alizaliwa katika mji wa Eisenach tarehe 23 Januari 1840. Baba yake alikuwa mfanyakazi katika kiwanda cha kusokota nyuzi. Alisimama mashineni saa 14, na siku nyingine hata saa 16, bila ya kupewa nafasi ya kula. Mtoto Ernst, kwa zamu na dada yake, ndiye aliyempelekea chakula cha mchana. Baba alikula huku ameegemea mashine na macho yake yakiitazama, kisha akamrudishia mtoto chombo na kuendelea na kazi. Alikuwa mtu mrefu mwenye nguvu nyingi, lakini alipofika miaka 48 alionekana kama mzee kikongwe. Abbe hakulisahau jambo hilo, nasi tutaona baadaye lilizaa nini.

Tajiri wa kiwanda aliona kuwa mtoto yule ana akili, akasaidia asome. Basi Abbe akaenda Chuo Kikuu cha Jena, kisha Göttingen, ambako alipata udaktari wa elimu mwaka 1861. Mwaka 1863 alianza kufundisha hapo Jena kwa mapato madogo sana.

Katika mji huo alikuwako fundi mmoja, Carl Zeiss, mtengenezaji wa hadubini. Siku zile hadubini zilitengenezwa kwa kubahatisha. Fundi alisaga lenzi, akaijaribu, akaibadilisha na nyingine, akajaribu tena, mpaka ikatokea inayoonyesha vizuri. Zeiss alichoka na bahati. Mwaka 1866 alimwomba Abbe atafute kwa hesabu namna ya kutengeneza lenzi, ili fundi ajue kabla ya kuanza kazi kwamba chombo kitakuwa chema.

Hapa ndipo penye utamu wa habari yenyewe. Abbe alifanya hesabu, lenzi zikatengenezwa, nazo zikawa mbaya kuliko zile za kubahatisha! Alikuwa amefanya tundu la kupitishia nuru kuwa jembamba, akidhani kwa njia hiyo picha itakuwa safi zaidi. Picha haikuonyesha mambo madogo madogo. Mtu mwingine angerudi darasani kwake akanyamaza. Abbe alikaa akatafuta sababu, akagundua kwamba kinachoiwezesha hadubini kuonyesha vitu vidogo si ukuzaji peke yake. Ni upana wa nuru inayoingia katika lenzi. Mwaka 1873 alitangaza kwamba nuru yenyewe ina mpaka wake. Kwa hadubini ya kawaida, vitu viwili vikikaribiana kuliko kama sehemu 1 ya 5,000 ya milimita, huonekana kitu kimoja tu, hata ukikuza namna gani. Kukuza kupita mpaka huo ni kukuza ukungu.

Pamoja na hayo alitengeneza vyombo vya kupimia lenzi na vioo, na mafundi wakafundishwa kuvitumia. Robert Koch alitumia hadubini za Zeiss zenye kazi ya Abbe, na mwaka 1882 alitangaza kwamba amevigundua vijidudu vya kifua kikuu. Koch ndiye yule daktari aliyekuja Dar es Salaam kuchunguza malaria na magonjwa mengine katika miaka ya 1897 na 1898.

Lilibaki jambo moja gumu, nalo ni kioo chenyewe. Kioo cha siku zile kilikuwa cha aina chache, tena hakikulingana. Kijana mmoja, Otto Schott, mtaalamu wa kuyeyusha vioo, alimwandikia Abbe mwaka 1879. Wakashirikiana, na mwaka 1884 kiwanda cha vioo kikaanzishwa Jena. Kwa vioo hivyo Abbe aliweza kuitengeneza darubini ambayo Ignazio Porro wa Italia alikuwa ameivumbua mwaka 1854, lakini haikufanikiwa kwa kukosa kioo kizuri. Ndani yake mna vipande vya kioo vyenye pembe, ambavyo huigeuza picha iliyopinduka isimame wima, tena huikunja njia ya nuru. Kwa sababu ya kukunjwa huko, mrija mrefu huwa mfupi. Hii ndiyo siri ya darubini kuenea kiganjani. Mwaka 1894 darubini hizo zilianza kuuzwa, na mojawapo ilikuwa 8x20, yaani hukuza mara 8, na lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 20. Mpaka leo darubini nyingi ndogo ni za kipimo hicho hicho.

Sasa niwaeleze ya Ruangwa. Mjomba wangu hulima ufuta na mahindi. Mwaka jana, baada ya kuuza ufuta, alinunua mnadani darubini ndogo iliyoandikwa 30x60. Mchuuzi alimwambia kwamba inavuta kitu mara 30. Mchana ilionyesha vizuri kiasi. Lakini tembo hawatoki porini mchana. Hutoka jua linapotua, na saa hiyo darubini ya mjomba ilionyesha weusi mtupu. Wenzake wa kikundi cha kulinda mashamba walikuwa wamekwisha changa fedha za kununua nyingine tatu kama ile.

Niliichukua nikaja nayo shuleni Nachingwea, na mwalimu wetu wa fizikia akatuonyesha namna ya kuipima kwa rula tu. Kwanza tulipima lenzi ya mbele. Kama maandishi yangekuwa kweli, ingekuwa na milimita 60, upana wa mdomo wa kikombe. Ilikuwa na 21. Kisha tuliielekeza kwenye mbingu nyeupe (msielekeze kwenye jua kamwe, mtapofuka), tukaishika mbali na uso na kutazama upande wa kuwekea macho. Huonekana hapo duara dogo la nuru. Tulilipima, likawa milimita 3. Ukigawanya 21 kwa 3 wapata 7. Basi darubini ya mjomba hukuza mara 7, wala si 30!

Duara hilo ndilo lenye kueleza habari za magharibi. Mboni ya jicho la kijana hufunguka gizani hata kufikia milimita 7 hivi, na mchana hujifunga mpaka 2 au 3. Darubini ya 8x20 hutoa duara la milimita 2.5, nayo yatosha mchana. Ya 8x40 hutoa duara la milimita 5, na nuru yake ni mara 4 ya ile. Tena duara la mjomba halikuwa na mviringo mzuri. Lilikuwa na kingo zilizokatwa kama mraba, dalili kwamba vile vipande vya kioo vya ndani si vya aina bora. Mwisho tulitazama ukingo wa paa la bweni. Mirija miwili ikiwa haikulingana, utaona kingo mbili, au macho yatauma baada ya muda mfupi. Hapo haikuwa mbaya.

Sisemi kwamba darubini ndogo ni takataka. Kwa kutazama ndege, au timu ya Namungo ikicheza katika uwanja wa Majaliwa pale Ruangwa, inafaa sana, nayo haichoshi shingo. Ila thamani yake ni ya darubini ya 7x21, na bei aliyotoa mjomba ilikuwa ya maandishi. Kikundi chao kiliacha kununua zile tatu, wakanunua moja kubwa iliyokwisha tumika, baada ya mjomba kuipima mwenyewe kwa rula mbele ya muuzaji.

Nirudi kwa Abbe. Zeiss alikufa mwaka 1888, na Abbe, aliyekuwa mshirika wake, angeweza kuwa tajiri mkubwa. Mwaka 1889 alianzisha Wakfu wa Carl Zeiss, na mwaka 1891 mali yake yote ya kiwandani ikawa ya wakfu huo. Katika kanuni za mwaka 1896 aliandika kwamba mtu asibaguliwe kwa kabila, dini wala siasa. Kwamba wafanyakazi wapewe likizo yenye malipo na pensheni. Na kwamba hata mkubwa wa kiwanda asipate zaidi ya mara 10 ya wastani wa mshahara wa wafanyakazi. Mwaka 1900 kazi kiwandani ikawa saa 8 kwa siku. Hata hilo alilifanyia hesabu. Alipima kazi iliyofanyika kwa saa 9 na kwa saa 8, akaona haikupungua, bali iliongezeka kidogo.

Alikufa Jena tarehe 14 Januari 1905, mwaka ule ule ambao vita vya Maji Maji vilianza huku kusini. Chuo Kikuu cha Jena kimemwekea jiwe la ukumbusho, na juu yake imechongwa kanuni yake ya mpaka wa nuru.