Samuel Pepys: Jamaa aliyefanya karamu kwa sababu ya jiwe la kibofu

London, Machi 26, 1658. Kijana wa miaka 25 amelazwa mezani, amefungwa kamba ili asifurukute. Hakuna ganzi wala nusukaputi, hiyo itakuja karibu miaka 200 baadaye. Daktari Thomas Hollier ana kisu, na la muhimu zaidi, ana mkono mwepesi.

Kijana huyo ni Samuel Pepys (jina husomwa Pips), mtoto wa mshonaji nguo. Tangu utotoni alikuwa akiumwa tumbo na mgongo, na mkojo wake ulitoka na damu. Mama yake naye alisumbuliwa na mawe.

Mawe hayo hutoka wapi? Jibu liko kwenye figo, zile mbili zilizo nyuma ya tumbo, kila moja kama ngumi. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo mno karibu milioni moja. Kwa siku huchuja kama lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, ingawa damu yote ya mtu mzima ni kama lita 5 tu. Maana yake, damu ileile hupita humo tena na tena.

Karibu maji yote hurudishwa mwilini. Kinachobaki, lita moja au mbili zenye uchafu na chumvi za ziada, ndiyo mkojo. Huteremka kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu, hukaa humo mpaka mtu aende haja ndogo.

Maji yakipungua mwilini, mkojo huwa mzito na chumvi hizo huanza kugandana. Ndipo jiwe huzaliwa. Dogo hutoka lenyewe kwa maumivu makali. La Pepys lilishuka hadi kwenye kibofu likanasa, likawa linakua.

Hollier alipasua sehemu ya chini, kati ya mapaja, akaingia hadi kwenye kibofu na kulitoa. Wengi walikufa kwa upasuaji wa aina hiyo, kama si kwa kutoka damu, basi kwa kidonda kuoza. Pepys alipona baada ya wiki kadhaa.

Jiwe hakulitupa. Alilitengenezea kasha maalumu, na kila ilipofika Machi 26 alijitahidi kuwaalika ndugu na marafiki wale na kunywa naye. Yeye na mkewe Elizabeth hawakujaliwa mtoto, na wapo wanaohisi kisu kile kilichangia.

Maisha aliyoongezewa hayakupotea bure. Kuanzia 1660 hadi 1669 aliandika shajara ambayo hadi leo ndiyo dirisha la kuitazama London ya wakati wa tauni ya 1665 na moto mkubwa wa 1666. Alipanda hadi kuwa katibu wa jeshi la majini la Uingereza, kisha rais wa chama cha wanasayansi, Royal Society.

Mwaka 1669 alilibeba jiwe lake, lililokuwa kubwa kama mpira wa tenisi, akampelekea Richard Evelyn, kaka wa rafiki yake John. Richard naye alikuwa na jiwe, ila aliogopa kupasuliwa. Pepys alitaka aone kwamba mtu anaweza kutolewa kitu kama kile na akaishi. Richard hakukubali. Mwaka uliofuata akafariki.

Pepys mwenyewe aliishi hadi Mei 26, 1703, akiwa na miaka 70, yaani miaka 45 baada ya siku ile ya kamba na kisu. Madaktari walipoupasua mwili wake waliikuta figo ya kushoto imeharibika. Ndani yake kulikuwa na mawe mengine saba.