Gurdit Singh na meli iliyozuiwa Vancouver

Mwaka 1914 Canada ilikuwa na sharti la uhamiaji ambalo halikutaja rangi ya mtu. Lilisema tu kwamba mhamiaji afike kwa safari moja isiyokatizwa kutoka nchi yake. Kutoka India hakukuwa na meli ya namna hiyo, na waliotunga sharti hilo walilijua hilo vizuri. Tena mhamiaji kutoka Asia alitakiwa awe na dola 200 mkononi.

Gurdit Singh aliamua kulijaribu sharti hilo. Alizaliwa Punjab mwaka 1860, akawa mkandarasi mwenye mali huko Malaya na Singapore. India na Canada zilikuwa chini ya mfalme mmoja wa Uingereza, na yeye hakuona kwa nini Mhindi afungiwe mlango. Akakodi meli ya Kijapani, Komagata Maru, akaanza safari Hong Kong. Tarehe 23 Mei alifika Vancouver na abiria 376, wengi wao Masingasinga, ndugu za wale tunaowakumbuka kwetu tangu enzi za kujenga reli ya Mombasa.

Ni abiria wachache tu walioruhusiwa kushuka. Wengine walikaa melini miezi miwili, chakula na maji vikiwaishia.

Wahindi wa Vancouver hawakuwaacha. Wengi wao walikuwa vibarua wa viwanda vya kupasua mbao, lakini waliunda kamati, wakachanga fedha, wakalipa deni la kukodi meli na kuweka wakili. Tarehe 6 Julai mahakama ya rufaa iliwakatalia. Polisi walipokuja usiku kuiteka meli, abiria waliwarushia makaa ya mawe mpaka wakarudi nyuma. Serikali ikaleta manowari. Tarehe 23 Julai meli iliondoka.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Septemba 29, huko Budge Budge karibu na Kolkata, polisi wa Mwingereza walitaka kuwapakia kwenye treni kwa lazima. Walipogoma, risasi zilipigwa, na abiria wapatao 20 wakauawa. Gurdit Singh alitoroka, akajificha miaka saba, kisha mwaka 1921 akajisalimisha na kufungwa.

Sharti la safari isiyokatizwa liliondolewa mwaka 1947, mzee akiwa bado hai. Alifariki mwaka 1954. Serikali ya Canada iliomba radhi bungeni Mei 2016.