Karani Aliyeyatumia Magharibi Yake

Muhula uliopita nilirejea nyumbani hapa Ongata Rongai jioni moja nikiwa na uchungu moyoni. Orodha ya waliopandishwa daraja ilikuwa imetoka, na kwa mara ya tatu jina langu halikuwamo. Matatu ilikwama karibu na Bomas, kama ilivyo ada ya Barabara ya Magadi saa za jioni, na mle ndani nikakata shauri kwamba tangu siku ile ningefanya kazi kwa kadiri ya mshahara, wala si zaidi ya hapo. Mkobani mwangu mlikuwa na insha 52 za wanafunzi zilizongoja kusahihishwa. Zilikaa humo wiki mbili.

Aliyenitoa katika hali ile alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, bila yeye mwenyewe kujua. Aliniuliza darasani iwapo Shaaban Robert aliishi kwa kuuza vitabu vyake. Nilimjibu kwa mkato kwamba sivyo, alikuwa karani. Kisha nikaona haya kwa ufupi wa jibu langu, kwani swali lile lilistahili somo zima. Usiku ule niliyarudia maisha ya mtu huyo, si kwa ajili ya mtihani, bali kwa ajili yangu.

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 huko Vibambani, kijiji kilicho karibu na mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, na huo ndio uliokuwa mwisho wa masomo yake ya darasani. Mwaka uo huo wa 1926 aliingia katika kazi ya serikali akiwa karani wa forodha. Alikaa huko hadi mwaka 1944, miaka 18 mizima. Baadaye alihamia Idara ya Wanyama, kisha ofisi ya utawala mjini Tanga, na kuanzia mwaka 1952 hadi 1960 akawa katika Ofisi ya Upimaji. Kwa hesabu hiyo, miaka 34 ya umri wake ilikwenda katika madaftari ya watu wengine.

Tukumbuke pia zama zenyewe. Chini ya utawala wa kikoloni, Mwafrika aliyekuwa karani aliweza kuwa hodari kuliko mkubwa wake na bado asikalie kiti cha mkubwa huyo. Kwa hiyo, lau kungekuwa na mtu mwenye haki ya kufanya kazi kwa kinyongo, angekuwa yeye.

Basi aliyatumiaje maisha hayo? Mchana ulikuwa wa mwajiri. Saa zilizobaki zilikuwa zake, na kwa kadiri ionekanavyo katika mavuno yake, hakuziacha zipotee. Alipeleka mashairi katika gazeti la Mambo Leo. Aliandikiana barua na nduguye Yusuf Ulenge, na zile zilizohifadhiwa ni za tangu mwaka 1931 hadi 1958. Vita Vikuu vya Pili vilipopiganwa, alianza kuvisimulia kwa utenzi, nao ukafika beti zipatazo 3,000. Msomaji mpendwa, hebu zitazame beti hizo kwa jicho la mfanyakazi. Mtu akiandika beti tatu tu kila jioni bila kukosa, atahitaji karibu miaka mitatu kuzimaliza. Haba na haba hujaza kibaba, nasi hulisema neno hilo kila siku, lakini ni wachache wetu wanaokubali kuishika hiyo haba.

Msiba nao haukumpita. Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki dunia, na shairi alilomtungia lingali likisomwa katika shule zetu. Katika miaka iliyofuata alimtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, tungo mbili za kuwausia watoto jinsi ya kuishi. Sidhani kwamba huzuni ilikuwa ndogo kwake kuliko kwetu. Nadhani alikuwa amejizoeza kuipa kila huzuni kazi ya kufanya.

Hata manung'uniko yake aliyapa kazi. Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, ni hadithi ya nchi iliyo angani, ambamo Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Karama hapigi kelele barazani. Anajitetea kwa utaratibu, akisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kuitafutia nchi manufaa na kulipwa mateso. Haya yaliandikwa na mtu ambaye asubuhi yake ilimkuta mezani pa serikali iliyomtawala. Malalamiko aliyokuwa nayo hayakuishia katika porojo za ofisini. Yalikuwa kitabu.

Jambo lililonigusa kuliko yote lahusu malipo. Shaaban Robert aliaga dunia mwezi Juni 1962, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru. Utenzi wake wa Vita vya Uhuru ulichapishwa mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka mwaka 1968. Vitabu hivyo hakuvishika mkononi vikiwa vimechapwa. Mimi nilisusia insha 52 kwa sababu ya orodha moja, ilhali mwenzangu alifanya kazi ambayo ujira wake hakuuona.

Najua atatokea wa kuyageuza maneno haya. Atasema mwalimu avumilie na asidai haki yake. Sisemi hivyo. Mshahara wa haki na kupandishwa daraja kwa haki ni mambo ya kudaiwa kupitia njia zake, tena bila kuchoka, nami barua yangu ya rufaa nimeipeleka. Lakini dai langu ni juu ya mwajiri, wala si juu ya mtoto aliyeketi dawati la mbele akingoja insha yake. Nilikuwa nikimtoza deni asilokopa.

Tangu hapo nimejiwekea desturi chache. Husahihisha insha kumi kila jioni kabla ya chakula, wala singoji ziwe lundo. Andalio la somo huliandika usiku, ili asubuhi isinikute nikihangaika. Katika chumba cha walimu, mazungumzo yakigeuka kuwa maombolezo ya kila siku, huchukua kitabu changu nikaketi mahali pengine bila kumkosea mtu adabu. Na foleni ya Barabara ya Magadi, ambayo zamani niliitumia kulaani, siku hizi naitumia kusoma. Kurasa nane hutosha kati ya Bomas na nyumbani, siku nyingine hata kumi na mbili.

Wanafunzi nao wana daftari na jioni kama alivyokuwa nazo karani yule. Yule kijana wa kidato cha tatu nilimrudishia insha yake Jumatatu iliyofuata, pamoja na jibu refu la swali lake. Daraja langu bado ni lile lile.