Mjane wa miaka 27 aliyeisafisha shampeni

Ukienda harusi Meru mjini au Embu siku hizi, lazima kuna mtu wa kufyatua kizibo cha shampeni. Povu linarukia suti ya bwana harusi, mabeste wanapiga mayowe. Kinywaji chenyewe kinang'aa kama maji ya Mlima Kenya. Zamani kilikuwa na matope.

Aliyekisafisha ni Barbe-Nicole Ponsardin, aliyezaliwa 1777 mjini Reims, Ufaransa. Babake alikuwa tajiri wa vitambaa, kwa hivyo tusidanganyane, hakuanza na sufuri. Mwaka wa 1798 aliolewa na François Clicquot, ambaye familia yake iliuza nguo, na mvinyo kidogo kando. Mnamo 1805 François alishikwa na homa, akafa. Mkewe akabaki na miaka 27 na binti mdogo.

Baba mkwe akataka kufunga biashara ya mvinyo. Kama umewahi kukaa kwenye kikao cha familia baada ya mazishi huku kwetu, unaijua hiyo picha: wazee wanajadili shamba la kahawa, mjane ameketi pembeni akisikiza. Sheria ya Ufaransa ya 1804 nayo ilimfunga mke, hangeweza kusimamia mali bila ruhusa ya mumewe. Ila mjane hakuwa na mume wa kumwomba ruhusa! Barbe-Nicole akapenya hapo. Mzee alikubali kutoa pesa kwa sharti kwamba afanye kazi miaka minne na mshirika mwenye uzoefu. Ushirika ukaisha 1810 bila faida ya maana. Akabaki peke yake, akaiita kampuni Veuve Clicquot Ponsardin. Veuve ni mjane.

Vita vya Napoleon vilikuwa vimefunga masoko. Mwaka wa 1814, wenzake wakingoja amani itulie, yeye alipakia kisirisiri chupa zaidi ya 10,000 kuelekea Urusi. Meli ingekamatwa, angefilisika. Haikukamatwa, na Warusi waligombania chupa hizo.

Sasa oda zikazidi, na yale matope yakawa balaa. Wanaojua muratina ya Embu wanajua jinsi hamira inavyochemsha asali kibuyuni. Shampeni huchacha mara ya pili ndani ya chupa iliyozibwa, hewa inakwama humo, hamira iliyokufa inabaki kama mashapo. Kuyatoa kulimaanisha kumimina mvinyo chupa hadi chupa, na povu linapotea. Karibu 1816, yeye na fundi wake Antoine Müller walitoboa meza, wakapanga chupa shingo ikiangalia chini, wakawa wanazizungusha kidogo kidogo kila siku. Mashapo yakashuka hadi kwenye kizibo. Ukifungua haraka, yanaruka nje na povu linabaki. Inasimuliwa kwamba meza ya kwanza ilikuwa ya jikoni kwake.

Hakuolewa tena. Alifariki 1866 akiwa na miaka 88. Mkwewe alikuwa bingwa wa kutumia pesa kuliko kuzitafuta, kwa hivyo kampuni ilimwendea Édouard Werle, aliyeajiriwa pale kijana, akapanda ngazi hadi akawa mshirika wake.