Grace Hopper na Vipande vya Maelekezo

Fundi cherehani wa Majengo, mjini Mpanda, huhifadhi karatasi zilizokatwa kwa umbo la kola, mkono na mfuko. Akitakiwa kushona shati jingine, huchukua karatasi zilezile. Kazi huenda upesi na makosa hupungua. Mwalimu mmoja wa hesabu aliwapatia watu njia kama hiyo ya kuiagiza kompyuta.

Grace Hopper alizaliwa mwaka 1906 katika jiji la New York, Marekani. Akiwa na umri wa miaka saba, alifungua saa ya kengele ili aone inavyofanya kazi. Aliposhindwa kuiunganisha, akafungua ya pili, kisha ya tatu, hata saa saba za nyumbani zikawa vipande vipande. Mama yake akamwachia moja tu ya kuchezea.

Alipata shahada ya udaktari wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiunga na jeshi la majini. Mwaka 1944 alipelekwa Harvard kuiandikia maelekezo kompyuta iitwayo Mark I, yenye urefu wa mita 15 hivi.

Kompyuta hufuata maelekezo hatua kwa hatua. Grace na wenzake waliandika madaftarini vipande vya maelekezo vilivyokwisha kujaribiwa. Aliyehitaji kipande alikinakili kutoka kwa mwenziwe. Lakini binadamu huchoka, na namba moja ikikosewa, jibu huharibika.

Grace akawaza: mbona kompyuta yenyewe isinakili? Akakipa kila kipande namba yake. Mwaka 1952 programu yake ilivitafuta vipande na kuviunganisha. Wengi hawakusadiki, kwani waliamini kuwa kompyuta hufanya hesabu tu. Grace hakukata tamaa. Kazi yake ilisaidia kuzaliwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo COBOL, mwaka 1959. Alifariki mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 85.

Hata leo, watengenezaji wa tovuti huhifadhi vipande vya maelekezo, kama vile cha kuonyesha tarehe. Aliye makini hukijaribu kwanza, ndipo akitumie.

Zoezi
1. Kwa nini kunakili kwa mkono kulileta makosa?
2. Andika hatua za kuchora nyumba. Mpe mwenzako azifuate bila kumweleza zaidi. Je, ni hatua ipi uliyoisahau?